Njia ya pesa iwe ya umma, na serikali nayo ifungwe na sheria

Hotuba kwa mkutano wa vyama vya akiba na mikopo, vyama vya ushirika wa mazao na mawakala wa fedha, jijini Mbeya

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama wa Mwanjelwa na Soko Matola, wakulima mliotoka Ubaruku, Kyela na Tukuyu, mawakala, vijana wa bodaboda: mugonile. Na wenzetu mliotoka Njombe, Makambako na Mafinga, karibuni sana Mbeya, poleni na safari.

Nimeombwa nizungumzie malipo ya simu. Najua wengi mlitegemea niwakumbushe habari za matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hilo mmelisikia vya kutosha. Mimi leo nataka tuulizane jambo ambalo hatuna desturi ya kuulizana. Mnunuzi wa mchele yuko Dar es Salaam, mkulima yuko Ubaruku. Pesa inatoka kwenye simu ya huyu inaingia kwenye simu ya yule. Hapo katikati imepita kwa nani? Nani anaamua ipite au izuiwe, ikatwe kiasi gani, na nani abaki na kumbukumbu kwamba mkulima fulani leo kauza gunia kadhaa?

Msimamo wangu nausema mapema. Mtambo unaounganisha mabenki na mitandao yote uwe mali ya umma. Huduma zinazopita juu ya mtambo huo ziachwe kwa makampuni, mabenki na vyama vyetu vishindane. Na serikali, ikishashika mtambo huo, ifungwe na sheria kwa ukali uleule tunaotaka yafungwe makampuni. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachosahaulika kila tunapobishana kuhusu serikali na sekta binafsi, na mimi sitakiacha.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu tulikotoka. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata mabenki yakataifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Kwa zaidi ya miaka 20 umma ulimiliki mabenki. Lakini nauliza wazee waliokuwepo: mama wa Mwakaleli mwenye mtoto anayefanya kazi Dar es Salaam alikuwa anapokeaje hela? Kwa hati ya posta, ambayo lazima uifuate mjini. Au kwa bahasha aliyopewa konda wa basi, imeandikwa jina la mpokeaji na kituo cha kushukia, na hapo katikati ni uaminifu wa konda na Mungu tu. Benki ilikuwa yetu sote kwenye makaratasi, huku wengi wetu hatujawahi kuvuka mlango wake.

Aliyekuja kumfikia mama yule ni kampuni ya simu. Kenya walianza M-Pesa mwaka 2007, na hapa kwetu Vodacom wakaileta mwaka 2008. Wakafuata wengine: Tigo Pesa, ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas, Airtel Money, Halopesa. Hawakusubiri tawi la benki lijengwe. Walimchukua mwenye duka la vocha wakamfanya kaunta. Mtu anayesema sekta binafsi haijafanya lolote katika fedha za nchi hii, aende Igawa au Matamba aulize wananchi. Sifa hiyo ni yao na mimi siwanyang'anyi.

Ila tuangalie na upande wa pili. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, kila mtandao ulikuwa na uzio wake. Ndiyo maana mtu mmoja alitembea na laini tatu: moja ya mke, moja ya mteja wa viazi, moja ya shamba. Hapakuwa na ugumu wa kitaalamu uliowashinda. Ni hesabu za biashara: mwenye wateja wengi hana haraka ya kufungua geti. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane moja kwa moja. Vodacom, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akaingia mwaka 2016. Kwa hiyo kutoka huduma ianze mpaka uzio wa mwisho ushuke ni miaka minane. Majirani zetu Kenya ilikuwa mbaya zaidi kwa upande wa mawakala: wakala wa Safaricom alikatazwa kuhudumia mtandao mwingine mpaka mamlaka yao ya ushindani ilipoingilia kati mwaka 2014. Sisi hapa wakala ameruhusiwa kuweka mitandao yote mezani, na hilo limetusaidia mno.

Sasa, makampuni yakiunganishana yenyewe kwa yenyewe, kila moja linatakiwa kufunga mkataba na kila mwenzake. Piga hesabu: taasisi 40, kila moja iunganishwe na nyingine zote, ni viungo 780. Kila kimoja kina mkataba wake na makato yake ya kujadiliana. Benki ndogo ya wananchi au SACCOS ya walimu itaweza wapi? Ndipo Benki Kuu ikajenga mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, wenyewe wanauita TIPS. Mtoa huduma anaunganishwa mara moja tu kwenye mtambo huo, basi, anawafikia wote. Ukituma leo kutoka benki kwenda mtandao wa simu na hela ikafika kabla hujafunga menyu, mara nyingi umepita huko bila kujua. Serikali imefanya kazi ya namna hiyo pia kwenye makusanyo yake: ile kontroli namba unayopewa ulipie kodi ya ardhi au ada ya chuo cha umma inatoka kwenye mtambo wa serikali ulioanza mwaka 2017, lakini wewe unalipia kwa mtandao wowote au benki yoyote unayoitaka. Mtambo wa umma, milango ya watu binafsi. Unafanya kazi.

Akina mama wa soko wananielewa haraka hapa. Jengo la soko ni la halmashauri: paa, choo, taa, njia za kupita. Nyanya ni zako. Hakuna aliyewahi kuitaka halmashauri iuze nyanya, na hakuna ambaye angekubali muuza nyanya mmoja amiliki geti la soko. Lakini pia mnajua ushuru unavyoweza kupandishwa na watu waliokaa ofisini, na ndiyo maana mna kamati ya soko, na ndiyo maana mwenyekiti wa kamati hiyo hamumpi usingizi. Mtambo wa malipo wa taifa una jengo, una wauzaji, una ushuru. Kamati ya soko hauna. Hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka.

Maana wapo wanaosema: sawa, wapeni serikali kila kitu, makampuni ni wanyonyaji. Ndugu zangu, tulio hapa wote tulikuwepo mwaka 2021. Tarehe 15 Julai mwaka ule tozo ya miamala ilianza, kutoka shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi, kutuma na kutoa. Ilikuwa juu ya makato ya kampuni yaliyokuwepo tayari. Serikali haikuwa na hisa nyingi kuliko wengine katika hata kampuni moja kati ya zile kubwa, Airtel ilikuwa na asilimia 49 tu, wala haikuhitaji kumiliki. Ilitosha kuongeza kifungu cha 46A katika Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Nawaomba mlishike hilo: sheria iliyotungwa ili pesa yetu ya kwenye simu iwe salama ndiyo iliyofunguliwa ikaingizwa tozo ndani yake.

Tulichofanya sisi? Tulirudi kwenye noti. Mimi natunza vitabu vya ushirika, nikaona malipo ya mazao yanarudi kwenye mifuko ya rambo, watu wanapanda Noah na mamilioni kiunoni kutoka Tunduma. Malalamiko yakawa makubwa nchi nzima. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, ila ikatandazwa mpaka benki. Katika bajeti ya 2023/24 tozo ya kutuma ikaondolewa, ya kutoa ikabaki. Sisemi fedha zile zililiwa. Tulionyeshwa madarasa na vituo vya afya, na vingine viko huku kwetu. Ninachosema ni kwamba mtu anayetuma 20,000 ya dawa kwa mama yake Isongole hakuwa ameuza chochote wala hakupata faida yoyote ya kutozwa, na hakuna aliyemuuliza kabla.

Na hayo yalikuwa makato tu. Zimbabwe, mwezi Juni 2020, serikali ilitangaza kusimamisha huduma za pesa kwa simu, katika nchi ambayo noti zenyewe hazionekani na watu walikuwa wakinunua mkate kwa simu. Ikaja kulegezwa kwa masharti, mawakala wakapigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda thamani ya sarafu. Huenda walikuwepo wahalifu kweli waliocheza na fedha za kigeni. Lakini aliyelala njaa siku ile hakuwa huyo mhalifu.

Ecuador walikwenda njia nyingine. Benki kuu yao ilianzisha pesa ya simu ya serikali peke yake mwishoni mwa mwaka 2014, makampuni yakazuiwa kutoa ya kwao. Watu hawakuitumia. Kufikia mwaka 2018 ilikuwa imefungwa, kazi wakakabidhiwa mabenki. Hawakuwa na mtu mwenye duka la vocha anayetafuta kamisheni kuanzia asubuhi mpaka usiku. Mtumishi wa serikali hawezi kukaa kwenye kibanda saa mbili usiku akimsubiri dereva wa lori atoe hela ya chakula. Nasi tunakumbuka Mei 2021, mfumo wa kununua umeme wa LUKU uliposumbua kwa siku kadhaa, watu wana hela kwenye simu na wamekaa gizani. Chombo cha umma nacho huanguka, na kikiwa kimoja tu, hakuna pa kukimbilia.

Basi tuwaachie makampuni? Hapana, na hapa nitazungumza kwa uchungu kidogo. Desemba 2010 Visa, Mastercard na PayPal zilikata michango iliyokuwa ikienda kwa WikiLeaks, wale wanaochapisha siri za serikali mtandaoni. Mtu anaweza kuwapenda au kuwachukia hao WikiLeaks, si hoja. Hoja ni kwamba hapakuwa na hukumu ya mahakama. Makampuni matatu yaliamua, na mtu wa nchi yoyote duniani aliyetaka kuchangia kwa hela yake mwenyewe akazuiwa. Machi 2022 Visa na Mastercard zikasimamisha kazi Urusi kwa sababu ya vita ya Ukraine. Kadi za Warusi ziliendelea kufanya kazi ndani ya nchi yao kwa sababu moja: tangu kadi za baadhi ya mabenki yao zilipokatwa mwaka 2014 walijenga mtambo wao wa ndani, na miamala ya nyumbani ilikuwa inapita humo. Mimi siitetei vita ile hata kidogo. Nataka tuone tu kwamba nchi isiyo na mtambo wake, siku wakubwa wakigombana, wananchi wake hawana wa kumpigia simu. Wao wameshika mpini, sisi tumeshika makali.

Wa Tunduma mnalijua hili kwa miguu yenu. Unavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa kutembea, lakini malipo rasmi ya dola kati ya benki ya huku na benki ya kule kwa kawaida yanapitia benki za New York. Ndiyo maana kwacha na shilingi zinabadilishwa mkononi mpakani kila siku, watu wazima wenye biashara kubwa wanahesabu noti juani.

Nani amepatia? Brazil wamepatia kwa sehemu kubwa. Benki kuu yao ilizindua Pix, mtambo wao wa malipo ya papo kwa papo, Novemba 2020. Inauendesha yenyewe, na mtu wa kawaida hakatwi kutuma. Taasisi yoyote yenye akaunti hai zaidi ya 500,000 ililazimishwa kujiunga, ili mkubwa asibaki nje akizungusha uzio. Ila hata huko kuna doa: Juni 2020, miezi michache kabla ya Pix kuanza, benki kuu hiyohiyo ilisimamisha malipo ya WhatsApp, siku chache tu baada ya kuzinduliwa. Inawezekana walikuwa na sababu nzuri. Lakini anayesimamia ndiye anayeendesha, na mshindani anapozuiwa na huyohuyo, mwananchi atajuaje ni usalama au ni wivu wa biashara? India nao, mtambo wao wa UPI wa mwaka 2016 unaendeshwa na shirika la mabenki lisilo la faida, chini ya macho ya benki kuu. Umewafikia watu wengi kupita kiasi. Hata hivyo takriban asilimia 80 ya miamala inapita kwenye programu mbili, PhonePe na Google Pay, zote zina wenyewe Marekani. Kujenga njia ya umma hakutoshi kama wanaopita juu yake wamebaki wawili.

Sasa turudi Mwanjelwa. Juzi nilikaa kwenye kibanda cha mama mmoja wakala, amenipa ruhusa niseme. Mezani ana simu nne za batani zimefungwa raba, kila moja imebandikwa karatasi ya jina la mtandao. Pembeni daftari la miamala, kalamu imefungwa kwa uzi. Saa nne asubuhi kaja mnunuzi wa mchele anataka kuweka laki nne mtandao mmoja. Floti ya mtandao huo, yaani hela yake ya kazi iliyomo kwenye simu hiyo, imebaki elfu thelathini na kitu. Simu ya pili ina zaidi ya milioni, imelala tu. Milioni hiyo ni yake, ila kuihamishia huku ni safari: kijana apewe noti, akimbie kwa wakala mkuu, apange foleni, arudi. Kijana akatoka mbio. Mteja akangoja, akatazama saa, akaondoka. Kamisheni ikaenda kibanda cha pili.

Mnaona? Mteja ameunganishiwa mitandao, wakala hajaunganishiwa. Mtambo wa umma upo, kompyuta zipo, lakini floti ya huyu mama bado iko nyuma ya uzio wa mwaka 2008. Hili haliwezi kutoka kwa kampuni moja, maana kila kampuni inapenda hela ya wakala ilale kwake. Linahitaji amri ya Benki Kuu: floti moja, wakala mmoja, mitandao yote. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko mabango yote ya uchumi wa kidijitali, na nitalidai mpaka lifanyike.

Kuna na hela yenyewe inapolala. Pesa mliyo nayo kwenye simu, kampuni inatakiwa iiweke benki kwenye akaunti ya udhamini, si mali yake. Akaunti ile inazaa faida. Mwaka 2014 Tigo Pesa walianza kuwagawia wateja faida hiyo, na kanuni za mwaka 2015 zikaelekeza imnufaishe mteja. Wengi wenu mmeona ujumbe umeingia, "umepokea gawio", mkadhani ni zawadi ya kampuni. Ni haki yenu, na mna haki ya kuuliza imekokotolewaje.

Taarifa zetu nitazipitia haraka kwa sababu muda unakwenda. Anayeona miamala yako anajua mavuno yako, madeni yako, na mwezi unaoishiwa. Kwa hizo ndizo unapewa au unanyimwa mkopo wa kwenye simu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo. Iwabane makampuni, na iwabane pia watu wa serikali wanaotaka kuchungulia akaunti bila kibali cha mahakama. Mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga asiogope kulipwa kwa simu kwa sababu ya nani atasoma.

Kwa hiyo nimeandaa barua, na kamati imeipitia jana. Inakwenda Benki Kuu, tawi la hapahapa Mbeya, nakala kwa wabunge wetu wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Ina maombi manne. Floti ya wakala iunganishwe mitandao yote. Makato ya kupita kwenye mtambo wa taifa yachapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwa kila wakala, tuyaone peke yake, yasichanganywe na ya kampuni. Watumiaji, yaani wakulima, wafanyabiashara wadogo na mawakala, wawe na wajumbe wao kwenye chombo kinachoushauri uongozi wa mtambo huo, wachaguliwe na siyo kuteuliwa. Na tozo yoyote mpya, au amri yoyote ya kusimamisha huduma kwa watu wengi, isianze kabla ya wananchi kusikilizwa hadharani na sababu kuwekwa kwa maandishi.

Wapo walioniambia ombi la nne halitakubaliwa. Inawezekana. Tuliambiwa hivyo pia kuhusu tozo ya kutuma, na imeondoka.

Barua iko mezani kwa katibu, karibu na mlango. Kuna nakala ya maandishi makubwa kwa wazee. Asisaini mtu ambaye hajaisoma au hajasomewa. Vijana wa chuo watatu wamejitolea kuwasomea, wamevaa fulana za njano. Mawakala naomba mbaki baada ya chai, mniandikie kila mmoja floti ilimwishia mara ngapi wiki hii na kwa mtandao gani, kwa sababu tukifika pale tawini watatuuliza hesabu, na lazima tuwe nazo mkononi.